Waya uliofaulu kwenye testa: kompyuta ya Linux iliyosingiziwa Mwanjelwa

Malalamiko yalinifikia yakiwa yameshatolewa hukumu: kompyuta ya Linux imekuwa nzito mtandaoni, na dawa yake ni kuiondoa Linux, mfumo unaoiendesha badala ya Windows. Ofisi yenyewe ni ya upimaji ardhi, iko ghorofani maeneo ya Mwanjelwa, jijini Mbeya. Wanapiga picha za droni za mashamba na viwanja, kuanzia Mbalizi hadi mabondeni Rungwe, kisha wanaziunganisha ziwe ramani moja. Picha za shamba moja tu zinaweza kufika gigabaiti sita. Zinakaa kwenye seva ndogo ya mafaili palepale ofisini, na kompyuta inayoziunganisha ni hiyo yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kwa kuwa ndiyo yenye prosesa na kumbukumbu ya kuhimili kazi hiyo.

Mambo mawili yalitokea ndani ya wiki moja, na hapo ndipo ubishi ulipozaliwa. Kompyuta ilipandishwa toleo jipya la Ubuntu. Kisha ikahamishiwa chumba cha mwisho wa korido, ikavutiwa waya mpya wa kama mita thelathini na tano juu ya dari. Tangu hapo, kunakili picha kutoka kwenye seva, kazi iliyokuwa ikiisha mtu akiwa bado anakoroga chai, ikawa inakula nusu siku. Waya ulikuwa na shahidi: fundi aliyeuvuta aliuweka kwenye testa, kifaa cha kupimia nyaya, mbele ya watu, taa zikawaka moja hadi nane kwa mpangilio. Ubuntu haukuwa na wa kuutetea.

"Shikamoo mama," nilimsalimu mwenye ofisi.

"Marahaba mwanangu. Hiyo Linux imetuchosha. Itoe, weka Windows, watu wafanye kazi."

Nilimwomba anipe nafasi nipime kwanza. Kufuta mfumo mzima ili kutibu mtandao ni kazi ya siku nzima, na kama kosa liko kwingine litamkuta na huyo Windows vilevile. Akakubali, lakini aliangalia saa.

Kijana anayeunganisha ramani alikuwa ameshahangaika vya kutosha. "Kaka, nimebadilisha DNS nimeweka 8.8.8.8, nimezima IPv6, nimeweka na kasi kwa mkono. Hakuna kilichosaidia." DNS ndiyo inayogeuza majina kuwa namba, na IPv6 ni aina mpya ya anwani za mtandao. Maneno yake kuhusu kasi kwa mkono niliyaandika pembeni. Tutayarudia.

Ni intaneti au ni mtandao wa ndani?

Swali hili ni la kwanza kila mara, na ajabu ni kwamba watu wengi hawaliulizi. Wakisema "mtandao uko slow" wanachanganya mambo mawili yasiyohusiana: njia ya kwenda nje kwa mtoa huduma, na njia ya ndani kati ya kompyuta na seva iliyo chumba cha pili. Pale ofisini kunakili picha kutoka kwenye seva hakugusi intaneti kabisa. Ukichomoa waya wa faiba kwenye ruta, picha zinatakiwa ziendelee kuja kwa kasi ileile. Kwa hiyo mtoa huduma alitoka kwenye orodha ya watuhumiwa dakika ya kwanza, na DNS ikatoka naye, kwa sababu seva ilikuwa inaitwa kwa namba, 192.168.1.10, na anayeita kwa namba hamuulizi mtu jina.

Nilirudisha DNS na IPv6 kama zilivyokuwa. Hili nalisisitiza. Mabadiliko ambayo hayakusaidia yakiachwa ndani ya kompyuta, yanakuwa tatizo la fundi atakayekuja baada yako, ambaye hatajua yaliwekwa kwa nini.

Kisha ping, amri inayobisha hodi na kusubiri jibu, kwenda kwenye seva:

    ping -c 20 192.168.1.10

Zote ishirini zilirudi, wastani chini ya nusu milisekunde. Hapa ndipo wengi wanaposema mtandao mzima uko safi na kuanza kuilaumu programu. Lakini ping ya kawaida inabeba baiti 56 tu za data, na ukiongeza vichwa vyote vya pakiti fremu nzima, yaani furushi zima la data linalopita kwenye waya, ni baiti mia moja hivi. Fremu inayobeba faili ni baiti 1,518. Kama laini inaharibu biti moja katika laki kadhaa, fremu ndogo itapenya karibu kila mara, na ile kubwa, yenye biti mara kumi na tano, ndiyo itakayoumia. Zaidi ya hapo, ping inatuma pakiti moja, inasubiri jibu, halafu inatuma nyingine. Laini haijawahi kubanwa. Nilirudia kwa pakiti zilizojaa na bila kusubiri:

    sudo ping -f -s 1472 -c 5000 192.168.1.10

Sasa upotevu ukaonekana, tena mkubwa. Dakika chache zilizopita laini ileile ilikuwa na sifuri.

Chombo cha tatu ni iperf3. Ninakipenda kwa sababu kinatuma data kutoka kumbukumbu ya kompyuta moja hadi kumbukumbu ya nyingine, bila kugusa diski wala Samba, programu inayogawa mafaili mtandaoni. Kama iperf3 ni nzito, huna haja ya kubishana juu ya diski mbovu. Kwenye seva unaandika `iperf3 -s`, na kwenye kompyuta inayolalamikiwa unapima kutuma, halafu kupokea:

    iperf3 -c 192.168.1.10
    iperf3 -c 192.168.1.10 -R

Kutuma kulikuwa kama megabiti ishirini kwa sekunde. Kupokea, megabiti tatu. Laini nzima ya gigabiti moja hutoa takribani 940, na ya megabiti mia hutoa kama 94, hivyo hata kwa mizani ya mtandao wa kizamani hii ilikuwa mahututi. Kwenye safu ya Retr, inayohesabu pakiti zilizolazimika kutumwa tena, namba zilikuwa zinapanda kila sekunde.

Kosa la kwanza: kasi iliyowekwa kwa mkono

Amri iliyofuata ni ile ambayo ningependa kila anayetumia Linux kazini aijue kama anavyojua jina la mtaa wake:

    sudo ethtool enp3s0

Inaeleza hali ya kadi ya mtandao, ambayo hapa inaitwa enp3s0. Katika majibu yake, mistari iliyonihusu ni hii:

    Speed: 100Mb/s
    Duplex: Full
    Auto-negotiation: off
    Link detected: yes

Mstari wa tatu ndio ule wa kijana. Alikuwa amekuta ushauri kwamba ukilazimisha kasi, mtandao utatulia. Alijaribu kwanza kulazimisha 1000, haikuwezekana, akalazimisha 100 na dupleksi kamili, yaani kutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Kwa gigabiti isingewezekana kwa vyovyote: kiwango cha gigabiti kwenye waya wa shaba, kilichopitishwa na IEEE, shirika la wahandisi linaloweka viwango, mwaka 1999, kinazitaka pande mbili zijadiliane zenyewe, kwa kuwa lazima zikubaliane upande upi utashika saa na upi utaifuata. Kwenye 100 kulazimisha kunawezekana, na hapo ndipo kwenye hatari.

Swichi yao, kisanduku kinachounganisha nyaya za ofisi, ni ya kawaida, haina ukurasa wa mipangilio, yenyewe hujadiliana siku zote. Ilipotuma salamu zake za majadiliano, kadi ya kompyuta ilinyamaza. Swichi ikiona kimya inaweza kuitambua kasi kwa kusikiliza mawimbi, lakini haiwezi kutambua dupleksi, na kanuni inaiamuru ichague nusu dupleksi. Matokeo yake: kompyuta inaamini inaweza kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, swichi inaamini ni zamu kwa zamu. Kila wanapotuma pamoja, swichi inaona mgongano, inakata fremu yake katikati na kutupa nyingine. Ping haigundui kitu kwa sababu haitumi pande mbili kwa pamoja. Nakili faili, na laini inasambaratika.

Nilirudisha majadiliano:

    nmcli connection modify "Wired connection 1" 802-3-ethernet.auto-negotiate yes 802-3-ethernet.speed 0 802-3-ethernet.duplex ""
    nmcli connection up "Wired connection 1"

Nikapima tena. Kutuma kukapanda hadi megabiti tisini. Kupokea kukafika kumi na mbili hivi. Nafuu kubwa, na mtu mwenye haraka angefunga mkoba hapo. Lakini kumbuka mpangilio wa matukio: kijana alilazimisha kasi kwa sababu mtandao ulikuwa *tayari* umeharibika. Mkono wake uliongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Ule wa kwanza ulikuwa bado haujaguswa.

Kompyuta ilikuwa imeshaandika jibu

Baada ya majadiliano kurudi, ethtool ilionyesha kitu ambacho mwanzo kilikuwa kimefichwa. Kadi ya kompyuta inatangaza kwamba inaweza 1000baseT/Full. Mshirika wake, yaani swichi, naye anatangaza kwamba anaweza 1000baseT/Full. Pande zote mbili zinaweza gigabiti, zimeambiana hivyo, na bado mstari wa kasi unasema 100Mb/s. Majadiliano yalifanikiwa, utekelezaji ukashindikana. Kati ya pande mbili zinazokubaliana kuna kitu kimoja tu.

Kumbukumbu za kerneli, yaani matukio yanayoandikwa na kiini cha Linux, zilisema hivyohivyo kwa lugha yao. Katika `sudo dmesg` kulikuwa na onyo la kadi: kasi iliyokubaliwa ilikuwa 1Gbps, kasi halisi imeshuka hadi 100Mbps, kagua waya. Kerneli mpya za Linux huandika onyo hilo waziwazi, na lilikuwa limejirudia si mara moja. Hakuna aliyelisoma.

Nikataka na hesabu za makosa:

    ip -s -s link show enp3s0

Safu za amri hii zinahitaji kusomwa kwa utulivu, maana hazimaanishi kitu kimoja. *Dropped* ni fremu zilizofika zima zikatupwa na mfumo, mara nyingi kwa sababu hazikuwa na mwenyewe au kompyuta ilizidiwa. *Fifo* na *missed* zinaashiria kadi au prosesa kushindwa kuendana na kasi. *Crc* ni nyingine kabisa. Kila fremu hubeba mwishoni mwake namba ya uhakiki iliyokokotolewa na mtumaji. Mpokeaji anakokotoa upya, na zikitofautiana, fremu inatupwa kimyakimya, maana yake imeharibikia njiani. Majadiliano yakishakuwa sawa, Ubuntu hauwezi kusababisha crc. Samba haiwezi. Ni suala la shaba, vichwa, matundu na mawimbi.

Nilinakili namba zilivyo, nikavuta folda moja ya picha kutoka kwenye seva, nikasoma tena. Dropped na missed zilibaki palepale. Crc ilikuwa imeongezeka kwa maelfu.

Hapa inafaa kueleza kwa nini makosa yanayoonekana machache yanaua kasi kiasi hicho. Fremu mbovu ikitupwa, anayetuma haambiwi. Anagundua kwa kukosa uthibitisho. Pakiti zikipotea kwa kufuatana, Linux inayotuma husubiri angalau milisekunde 200 kabla ya kujaribu tena, na ikirudi huanza polepole. Kwenye laini ya megabiti mia, katika milisekunde 200 zingeweza kupita zaidi ya megabaiti mbili. Kila pengo kama hilo ni megabaiti mbili za kimya, na mapengo yalikuwa yanafuatana.

Kubadilishana viti

Tulichukua laptopu ya Windows ya dada wa mapokezi, ambayo siku zote ilikuwa nyepesi karibu na swichi, tukaichomeka kwenye waya wa chumba cha mwisho. Ikawa nzito vilevile. Halafu tukabeba kompyuta ya Linux hadi kwenye swichi, tukaiunganisha kwa waya mfupi wa dukani. Ethtool ikasema 1000Mb/s na iperf3 ikatoa 941 kutuma na 941 kupokea.

Kwa jaribio hilo moja kila kilicholaumiwa kikasafishwa: toleo jipya la Ubuntu, kerneli, draiva ya r8169 inayoendesha kadi za Realtek na inayolalamikiwa na wengi mtandaoni, Samba, diski, seva. Mwenye ofisi alikuwa amesimama mlangoni akaona ile laptopu ya Windows inavyosuasua.

"Kwa hiyo hata Windows?"

"Hata Windows, mama."

Kabla ya kushuka kwenye waya nilibadilisha tundu la swichi, kwa sababu Mbeya ni Mbeya. Kuanzia Novemba mvua zikishafunguka, radi za huku zinaua matundu ya swichi na ruta kila msimu, na tundu lililopigwa mara nyingine halifi kabisa, linabaki kuunganisha na kuharibu. Tundu jingine lilitoa matokeo yaleyale. Likabaki jambo moja.

Testa inapima nini hasa

Kijana alileta testa ileile. Upande mmoja kwenye swichi, mwingine chumbani. Taa: moja, mbili, tatu, mpaka nane, zikiwaka kwa utaratibu pande zote. "Kaka, waya mzima huu."

Testa haikudanganya. Iliulizwa swali jepesi ikajibu sawasawa. Inachofanya ni kupitisha umeme wa betri kwenye uzi mmoja mmoja na kuangalia kama umetokea kwenye pini ya namba ileile upande wa pili. Inajua kama uzi umekatika, umegusana na mwenzake, au umepishana. Haijui nyuzi zipi zimesokotwa pamoja ndani ya ganda, na hilo ndilo linalobeba mtandao.

Nilikishika kichwa cha waya (RJ45) kwenye mwanga wa dirisha, klipu ikiwa chini, nikasoma rangi kupitia plastiki yake kutoka kushoto: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, kijani, buluu-nyeupe, buluu, kahawia-nyeupe, kahawia. Upande wa pili hivyohivyo. Kazi safi, nyuzi zimenyooka, zimekatwa sawa, hakuna iliyorudi nyuma. Aliyeikrimpu, yaani aliyezibana nyuzi kwenye kichwa, ana mkono mzuri. Alipanga rangi kwa jozi zake, moja baada ya nyingine, kama akili ya kawaida inavyokuelekeza, akahakikisha pande mbili zinafanana. Mafundi wengi huku wamejifunza hivyo, kwa kumtazama mwingine, na wakaambiwa kwamba rangi yoyote inafaa mradi pande mbili zilingane. Kauli hiyo ndiyo ninayotaka ife, maana imeziachia ofisi nyingi nyaya zenye ugonjwa usioonekana.

Mpangilio unaotumika sana kwetu, T568B, ni huu: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Jozi ya kijani haikai pamoja. Inakaa pini ya 3 na ya 6, ikiipisha ya buluu katikati, kwenye 4 na 5. Unaonekana mpangilio wa ovyo, lakini umerithiwa kutoka kwenye nyaya za simu, ambako laini ya kwanza ilikaa pini mbili za kati na laini ya pili ikaizunguka. Kadi zote za mtandao duniani zimetengenezwa zikijua hivyo: ishara moja inasafiri kwa 1 na 2, nyingine kwa 3 na 6. Gigabiti inaongeza 4 na 5, pamoja na 7 na 8.

Sasa, kwa nini jozi? Kila ishara hutumwa mara mbili, uzi mmoja ukibeba chanya na mwenzake hasi. Mpokeaji hasomi uzi mmoja mmoja, anasoma tofauti kati ya hizo mbili. Kelele ikija kutoka nje, au kutoka jozi ya jirani, inazipiga nyuzi zote mbili kwa kiasi kilekile kwa sababu zimesokotwa kama kamba, na mpokeaji anapotoa moja kwa nyingine kelele inajifuta yenyewe. Msokoto ndio kinga. Hata jozi nne ndani ya ganda moja zimesokotwa kwa mikazo tofauti, ili zisisikilizane.

Kwenye waya ule, pini ya 3 ilikuwa uzi wa kijani-nyeupe, uliosokotwa na wa pini 4. Pini ya 6 ilikuwa uzi wa buluu, uliosokotwa na wa pini 5. Ishara ya 3 na 6 ilikuwa inasafiri kwenye nyuzi mbili ambazo si ndugu, kila mmoja amekumbatiana na mgeni, kwa mita thelathini na tano. Kelele iliyoupiga uzi mmoja haikuupiga mwingine kwa kiasi hichohicho, na haikujifuta. Na kwa kompyuta, 3 na 6 ndiyo njia ya *kupokea* kwenye megabiti mia. Ndiyo maana kutuma kulikuwa tisini na kupokea kumi na mbili, ndiyo maana crc zote zilikuwa upande wa RX, yaani wa kupokea. Gigabiti, inayotumia jozi zote nne pande zote mbili kwa wakati mmoja, haikuweza hata kusimama, ikaporomoka hadi mia. Dalili zote tulizokusanya tangu asubuhi ziliingia kwenye sababu hiyo moja.

Nilikata vichwa vyote viwili. Kabla ya kukrimpu upya nilikwangua uzi mmoja kwa kisu, na hii ningependa kila mnunuzi wa waya aifanye dukani kabla hajalipa. Ndani palikuwa pekundu, shaba halisi. Mara nyingi katika maduka yetu unakuta ndani ni peupe: aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Waya huo ni mwepesi mkononi, unakatika ukikunjwa mara chache, una ukinzani mkubwa kuliko shaba, na haukidhi kiwango cha Cat5e, kile cha nyaya za gigabiti, hata kama ganda limechapwa hivyo. Ungekuwa wa aina hiyo ningeshauri uvutwe mwingine. Huu ulikuwa mzuri, ulionewa tu vichwani.

Vichwa vipya, T568B pande zote, msokoto ukifunguliwa kidogo iwezekanavyo. Kiwango cha Cat5e kinaruhusu milimita 13 tu, na ganda la nje lazima liingie ndani ya kichwa libanwe na ule ulimi wa plastiki, ili anayevuta waya avute ganda na siyo nyuzi. Juu ya dari tuliusogeza kutoka kwenye waya wa umeme uliokuwa umefungwa nao pamoja. Hilo halikuwa chanzo, lakini ngazi ilikuwa tayari imesimama.

Baada ya hapo

Ethtool: 1000Mb/s. Iperf3: 941 kutuma, 940 kupokea, Retr karibu na sifuri. Folda ya gigabaiti sita ilinakiliwa kwa kama dakika moja, na hesabu ya crc ikabaki ileile kabla na baada. Onyo la kerneli halikurudi kompyuta ilipowashwa upya.

Lilibaki swali la kijana, na lilikuwa zuri: kama kifurushi chao cha intaneti ni megabiti 20, na laini hata ilipokuwa mbovu ilikuwa ikipokea kumi na mbili kutoka kwenye seva, kwa nini tovuti nyingine zilikuwa zinakwama kabisa huku video zikicheza?

Jibu liko kwenye umbali. Mwaka 1997 Matt Mathis na wenzake walionyesha kwamba pakiti zinapopotea, kasi ya TCP, utaratibu unaohakikisha data inafika, inagawanywa na muda wa kwenda na kurudi: muda ukiongezeka mara mbili, kasi inashuka nusu. Kwenda kwenye seva ya chumba cha pili na kurudi ni chini ya nusu milisekunde, hivyo upotevu wa asilimia tatu unaumiza lakini hauui. Kwenda Ulaya na kurudi kutoka Mbeya kunaweza kufika milisekunde 180. Kwa asilimia hiyohiyo tatu, hesabu inatoa chini ya megabiti moja, haijalishi umelipia kifurushi gani. Video zenye nakala karibu, Dar es Salaam kwa mfano, zinapata muda mfupi na zinapenya. Kwa hiyo waya wa ndani ya jengo ulikuwa unaonekana kama kosa la mtoa huduma, na tena kwa baadhi ya tovuti tu, jambo linalowapotosha watu wanaopima kwa kufungua kurasa.

Baada ya kutengeneza, kipimo cha intaneti kilisoma megabiti 20. Mwenye ofisi aliuliza kwa nini siyo 941. Nikamweleza kuwa hiyo ni kasi ya kuta zake nne, na ile ya nje ni kadiri anavyolipia. Akauliza kama Linux ibaki. Ibaki, nikasema, na tena ndiyo iliyotuambia kosa lilipo.

Mkono uliokrimpu waya ule ulikuwa umekrimpu na nyingine mbili mle ndani. Wa printa una mita sita tu, printa yenyewe inaishia megabiti mia, na ulikuwa haujawahi kulalamikiwa. Rangi zake zilikuwa zimepangwa vilevile. Wa kamera ya ngazini pia. Kwa urefu huo makosa yanaweza yasionekane, ila siku printa itakapobadilishwa, au mtu atakapouunga waya huo ufike mbali zaidi, hadithi itaanza upya na fundi mwingine ataambiwa kwamba testa imewaka zote nane. Tulivikata vichwa vyote vinne. Kijana alikrimpu mwenyewe vitatu vya mwisho, akisoma rangi kwa sauti, na kila waya aliukagua kwa ethtool kwenye kompyuta yake kabla ya kuurudisha mahali pake.